Ufunguo sahihi, akaunti siyo
Tangu juzi usiku nimekuwa nikijaribu kusukuma mabadiliko kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwenye hazina yangu binafsi iliyo mtandaoni, na kila mara seva ilinijibu kwamba hazina hiyo haipo, ilhali nilikuwa nikiiona wazi kwenye kivinjari. Nilitengeneza ufunguo mpya wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva, na kupandisha nusu yake ya hadharani, lakini jibu halikubadilika. Leo asubuhi niliendesha amri ya ssh -T, inayojaribu tu kuingia kwenye seva, na salamu iliyorudi ilitaja jina la akaunti yangu ya kazini! Hapo nikaelewa: ssh-agent, programu inayoshika funguo zangu, ilikuwa ikitanguliza ufunguo wa kazini, na kwa kuwa seva hupokea ufunguo wa kwanza inaoutambua, ule wa binafsi haukuwahi hata kufikiwa. Katika ~/.ssh/config, faili la mipangilio ya SSH, nimeipa kila akaunti jina lake la seva na IdentityFile yake (faili la ufunguo wake), nikaongeza IdentitiesOnly yes ili utumike ufunguo huo tu, kisha nikarekebisha anwani ya hazina kwa git remote set-url. Kazi ya siku mbili imepanda kwa sekunde chache. Mwenye akaunti mbili kwenye kompyuta moja, naomba aanze na ssh -T kabla ya kufuta funguo zake, kwani mimi nilikwisha kufuta mbili zisizo na kosa lolote.