Bagi ya rimoti: sasa nimeingia kwenye kasta ya mbele

Haya wadau, tuendelee na ile bagi yangu, kigari cha rimoti cha kwenye vumbi, saizi ya 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), inayosukumwa na tairi za nyuma. Kona ndo zimekuwa zinanichosha, gari inaingia kali kabisa ila ikifika katikati nikianza kuikanyagia mafuta (betri bana, ila mdomo umeshazoea) pua inagoma, inaenda pana mpaka kwenye majani. Pale uwanjani Njiro, Arusha, kila mtu ana jibu lake, huyu anasema tairi, yule sevo (kile kimota cha kukata usukani) ni dhaifu. Mi nikaenda kwenye kasta.

Ukiitazama gari kwa ubavuni, ule mhimili ambao tairi la mbele linageukia haujasimama wima, umelalia nyuma, na huo ulalo ndo kasta. Kwangu unatoka sehemu mbili: mikono ya mbele yenyewe (ile inayoshika tairi kwenye bodi) imeinuliwa digrii 25, halafu kuna kile kibloku cha plastiki mwishoni mwa mkono, kilikuwepo cha 0 nimeweka cha 5, jumla 30. Fundi mmoja wa alaimenti kule mtaa wa Unga Limited nilimwambia hizo namba akacheka sana, "Kaka, hiyo gari au pikipiki?" Maana gari kubwa zina digrii chache tu, na hata za rimoti za lami huwa 4 mpaka 6 hivi. Ila bagi inaruka na kupiga mashimo, mikono ikiinuka vile tairi likigonga bonde linapata njia ya kurudi nyuma badala ya kugoma.

Kabla ya kuipeleka uwanjani niliiweka kwenye marumaru sebuleni nikakata usukani wote kushoto. Hapo ndo utamu. Tairi la kulia, yaani la nje ya kona, juu linalala kwa ndani, la kushoto juu linalala kwa nje, yote mawili yanaegemea kule unakokwenda. Sasa kwenye kona bodi inalalia nje na inataka kulisimamisha tairi la nje kwenye ukingo wake, huu ulalo wa kasta unalirudisha likae bapa chini, likishika udongo ndo pua inafuata.

Uwanjani ikawa hivyo hivyo. Kuingia kumekuwa kuvivu kidogo, siwezi kudanganya, unatakiwa uanze kukata mapema, ila katikati na kutoka unakanyaga na gari inafuata mstari. Kwenye nyoofu ndo raha zaidi, zile mbonyeo za mwisho zilizokuwa zinaitingisha kichwa sasa inapita na usukani unarudi kati wenyewe. Sevo nayo inafanya kazi zaidi, naiona inavyopata moto.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni pleyi, yaani ulegevu kwenye maungio. Vumbi letu hili ni unga mtupu, linaingia kwenye bushi za nako (kile kipande kinachogeuka na tairi) linakula, tairi linacheza mkononi kama jino bovu, halafu mtu anabadilisha bloku anasema haoni tofauti. Ataionea wapi? Badilisha bushi kwanza, na ukishaweka bloku mpya pima upya toe (tairi za mbele zinavyoelekea ndani au nje ukizitazama kwa juu) maana inahama.

Kwa udongo huu 30 inabaki. Wikiendi nasogeza betri mbele kidogo nione kama ule ukali wa kuingia utarudi, nisiporidhika naenda kwenye mafuta ya shokapu.