Kwani Mnamlisha Nini?

Wiki hii mdogo wangu wa mwisho kaolewa, ofisini tumehamishwa ghorofa, na mimi usiku nakesha na maneno ya yule baba tuliyemnunua mbwa wetu Shaba kwake.

Nilimpigia Jumanne, majibu ya vinasaba yalipofika. Daktari wa mifugo alikuwa amemsugua Shaba ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, kikapelekwa kupimwa nje ya nchi. Nikamsomea karatasi yote: Shaba ana ugonjwa wa misuli wa kurithi. Akanyamaza, kisha akasema, "Wazazi wake wote wazima, mama. Njoo uwaone wanavyokimbia." Halafu akaongeza, "Kwani mnamlisha nini?"

Nami nikajibu! Nikaanza kumhesabia: asubuhi ugali na dagaa, jioni chakula cha gunia, Jumapili utumbo. Kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kwa nini nilijibu? Shaba hajawahi kulala njaa katika nyumba hii hata siku moja.

Alikuja Machi akiwa kibonge, tumbo kama ngoma. Kufikia miezi minne anamaliza bakuli na bado anakonda, kichwa kikawa kikubwa kuliko kiwiliwili, akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura. Na baridi hii ya Arusha ya Julai ndiyo inamkakamaza kabisa, asubuhi mpaka nimsugue mapaja ndipo ainuke. Daktari alimgonga mwanangu Neema gotini kwa kile kinyundo cha mpira, mguu ukaruka, Neema akacheka. Akamgonga Shaba pale pale chini ya goti. Mguu ukabaki umelala. Akarudia mara tatu. Neema akaacha kucheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule baba hakudanganya. Ugonjwa huu wa misuli ya mbwa wa aina ya Labrado, kama Shaba, watafiti wa chuo cha mifugo cha Alfort, Ufaransa, waliupatia chanzo mwaka 2005: hitilafu katika kinasaba kimoja tu. Mbwa mwenye nakala moja mbovu na moja nzima ni mzima wa afya, anakimbia, anaogelea, anazaa. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi mbovu zote mbili. Shaba wangu ndiye huyo. Kwa hiyo hata ningeenda kuwaona wazazi wakikimbia, ningeona nini?

Saa nane za usiku ndipo jibu lilinijia: "Wewe uliwapima?" Nimelisema jikoni, nimelisema kwenye daladala, nimelisema kanisani bibi harusi akiingia, Mungu anisamehe.

Alhamisi Neema akaniambia, "Mama, si umtumie hiyo karatasi aione mwenyewe?" Nikaipiga picha nikatuma bila salamu. Kimya siku nzima. Jana asubuhi nikakuta ujumbe: "Yule jike nilitaka nimpandishe tena kwa dume lilelile mwezi ujao. Hiyo pamba inapatikana kwa daktari gani?"

Nilikaa nao hapo kwenye ngazi, chai ikapoa. Hakuniomba radhi, wala sijamdai. Nikampa namba ya daktari. Nikamwambia pia awatafute walionunua ndugu zake Shaba.

Dawa ya kumponya hakuna. Ila daktari anasema wengi wao, wakikaribia mwaka, misuli huacha kuzidi kudhoofika, na wanaishi miaka yao. Leo jua lilipotoka kafika mpaka getini na kurudi bila kukaa chini. Nimemshonea koti kutoka kwenye sweta kuukuu la Baba Neema. Shingo imembana kidogo, nitaifumua kesho.

Mama hapokei simu tangu jana mchana. Sasa mdogo wangu kaenda kwa mumewe, nani anamkumbusha vidonge vya presha?