Siku hizi hadubini inapiga picha usiku mimi nimelala

Watu wakisikia hadubini ya elektroni inajiendesha wanadhani unabonyeza kitufe unaondoka. Kulala nalala kweli, ila kazi yote imehamia jioni. Kwanza mjue kwanini tunahangaika hivi: elektroni zinaiunguza protini, kwahiyo unairuhusu kipimo kidogo tu, kama elektroni 40 au 50 kwa kila angstromu ya mraba (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na picha inayotoka ni ukungu mtupu. Mpaka upate umbo la molekuli inabidi kompyuta iunganishe chembe (yaani molekuli moja moja) laki kadhaa kutoka picha elfu kadhaa, sasa nani atakaa azipige kwa mkono?

Sampuli ni ya kawaida, tone la protini kwenye gridi ya milimita 3 (kisahani cha wavu wenye viboksi, kila kiboksi kina utando wa kaboni wenye matundu madogo), unalikausha kidogo kwa karatasi halafu unalitumbukiza kwenye ethani ya baridi kali ili maji yagande bila kufanya fuwele (ujanja wa Dubochet huo, 2017 akapata Nobel ya kemia pamoja na Frank na Henderson).

Kuendesha hadubini natumia programu ya SerialEM ya David Mastronarde, ni ya bure na inakubali skripti (orodha ya amri unayoiandikia). Inachora ramani ya gridi nzima, mi nachagua viboksi, yenyewe inatafuta matundu. Fokasi inafanyia kwenye kaboni pembeni ya tundu ili sampuli isiungue, inasubiri steji (sehemu inayobeba gridi) itulie, ndo inapiga. Huko kusubiri ndo kulikuwa kunakula muda, nikaacha kusogeza steji kila tundu, ikisimama katikati miale ndo inahamishwa kwenye matundu 9, yaani hilo la kati na yale yanayolizunguka. Ila miale ukiihamisha inainama kidogo, jicho halioni lakini kwenye umbo la mwisho unapoteza vitu vidogo vidogo, kwahiyo kalibresheni ya huo mwinamo fanyeni kabla, msiiruke.

Barafu ndo mtihani wenyewe. Tundu tupu linang'aa kupita yote, lenye barafu nene ni jeusi, unayoyataka yako katikati karibu na tupu. Nilipima mwangaza wa tundu tupu, nikaweka kikomo cha juu na cha chini, yaliyo nje ya hapo skripti inayaruka. Naitrojeni ya kupoozea ikianza kujazwa mashine inatikisika, kwahiyo skripti inauliza kwanza kama matenki yanajazwa, kama ndiyo inangoja. Picha zikitoka giza mfululizo inasimama inanitumia imeili.

Viboksi bado nachagua kwa macho. Programu za kuchagua zipo, ila protini yangu ni ndogo, inataka barafu nyembamba sana, na kwenye gridi zangu hiyo iko viboksi vichache tu, sijaona programu inayonishinda hapo. Halafu nafasi ya diski, kila picha ni video ya fremu nyingi, angalieni imebaki kiasi gani kabla hamjaondoka.