Mifuko ya dramu kwa fundi turubai

Kila mara kwaya yetu ilipokwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, dramu zilirudi na mikwaruzo, maana kivukoni hupangwa na magunia ya dagaa na kreti za soda. Makasha magumu ya dukani? Bei yake tuliiacha hapo hapo. Fundi turubai wa mjini Mwanza ndiye aliyetuokoa.

Angalia vipimo: inchi 22 za dramu kubwa ni kipenyo cha mzinga, yaani mwili wa dramu, tu, hazihesabu vyuma vinavyochomoza pembeni. Tukapimia juu ya vyuma. Ndani akashonea sponji ya godoro kuukuu, kitako mara mbili. Zipu niliikataa, ikigoma bandarini ni balaa, tumetumia kamba. Matoazi yana mfuko wao, kila moja limetenganishwa na kipande cha blanketi. Mvua ikiwapiga, anikeni mifuko mapema, sponji huchelewa kukauka.