Paneli tatu zilizokosekana juu ya paa la Riat

Mzee mwenye hoteli alinipigia simu Ijumaa asubuhi. "Injinia, nisaidie na hiyo karatasi leo. Wageni wa kwanza wanaingia Jumatatu."

Jengo liko Riat, juu ya mji wa Kisumu, na hesabu za nishati nilizipiga mwenyewe. Karatasi ilinitaka nithibitishe jambo moja: kwamba mfumo wa maji moto umejengwa kama ulivyochorwa na umetimiza kanuni. Kanuni tulizozifuata, za mwaka 2012, zilitaka jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka kutoka kwa jua. Hoteli ilihitaji lita 2,000. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunakula takriban kilowati-saa 81 kwa siku, ndiyo maana nilichora paneli 9 za mita mraba 2 kila moja.

Nilipanda juu ya paa nikakuta 6.

Fundi mkuu alisema bei ilipanda, na kwamba hizi ni bora zaidi, zinatosha. Huenda aliamini hivyo, lakini hakuwa na karatasi ya vipimo vya paneli hizo. Kwa jua la huku, paneli ikinasa nusu ya joto linaloiangukia, 6 zingeleta kilowati-saa 33 hivi, yaani asilimia 40. Zilizobaki zingetoka kwenye hita ya umeme, na bili ingemwangukia mzee kila mwezi.

Sikutia sahihi, wala sikuondoka. Niliketi garini nikaandika barua yenye sehemu tatu. Kwanza, niliyoyaona na kuyapima: tangi, valvu, mwinamo wa paneli. Pili, yaliyotofautiana na michoro, pamoja na hesabu zake. Tatu, yale nisiyoweza kuyasemea kwa sababu yalifunikwa ukutani kabla sijaitwa, hasa mabomba ya maji moto, kama yalivishwa ganda la kuzuia joto lisipotee au la. Hayo niliandika kwamba aliyeyafunika ndiye ayatilie sahihi.

Mzee aliisoma polepole. Alikuwa na mkopo wa benki shingoni na nilimhurumia sana.

"Kwani mhuri wako utakudhuru nini?"

"Mzee, nitakuwa nimesema niliona paneli 9. Bodi ya Wahandisi ilisajili jina langu mimi. Na maji yakipoa, ni wewe utakayelalamikiwa na wageni."

Alinyamaza, kisha akampigia fundi simu nikiwa hapo hapo.

Hoteli ilifunguliwa wiki mbili baadaye. Nilipanda tena, nikahesabu 9, nikaona ukuta uliobomolewa kidogo na bomba lililovishwa vizuri, ndipo nikagonga mhuri. Tangu hapo mkataba wangu una kifungu kipya: niitwe kabla bomba lolote halijafunikwa, na ziara hiyo ilipiwe.