Siku moja maishani mwangu: namba 213 zilizopotea

Nikiulizwa kazi yangu, nasema natafuta maneno kwenye faili. Watu hucheka. Si kuna kitufe cha kutafuta? Haya, njoo tushinde wote leo.

Saa 2 asubuhi. Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nazipitia logi za usiku, yaani kumbukumbu za mfumo, kwa grep, amri inayotoa kila mstari wenye neno unalolitafuta, nafunga tiketi tano za wanaoomba msaada. Hakuna cha kusimulia.

Saa 3 na nusu. Simu. Salamu hamna. Mteja ametuma orodha ya namba 214 za miamala, anataka kujua kama zimo kwenye mfumo. Naandika `grep -F -f orodha.txt miamala.log`: itafute kila namba ya orodha ndani ya logi. Unatoka mstari mmoja.

"Kwa hiyo 213 mmezipoteza, ndugu yangu?"

Nachukua namba moja kati ya hizo zilizopotea, naiandika kwa mkono. Ipo. Ya pili, ipo. Naziweka juu na chini kwenye skrini, ya orodha na ya logi: mapacha. Mteja hajakata simu, namsikia akipumua.

Nashuku kuna nafasi iliyobaki mwishoni. Hamna. Nashuku sifuri zimeandikwa kwa herufi O. Wapi! Saa 4 inapita, saa 5 nayo, na aibu ni kwamba ugonjwa huu nimeshautibu mara nyingi. Kilichonigutusha ni ile namba moja iliyopatikana: ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Naipitisha orodha kwenye `od -c`, amri inayoonyesha hata herufi zisizoonekana. Kila namba imefungwa kwa `\r \n`, isipokuwa ya mwisho, ambayo haina kitu.

Windows hufunga mstari kwa baiti mbili, 13 (ndiyo hiyo `\r`) na 10 (`\n`). Linux hutumia 10 peke yake. Ni urithi wa teleprinta, mashine za zamani za kuchapa ujumbe: moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, nyingine ikasogeza karatasi. Grep ya Linux hukata mstari penye 10. Hiyo 13 kwake ni herufi tu, kama a au 7. Asubuhi nzima ilikuwa ikitafuta namba yenye mkia, na logi haina mikia. Kwenye skrini mkia huo huuoni.

Naufuta kwa `tr -d '\r'`, narudia. 214.

"Kumbe mlikuwa nazo!" Akakata.

Nilipodhani yamekwisha, bosi akaja: mbona `wc -l`, amri ya kuhesabu mistari, inasema orodha ina 213? Kwa sababu wc haihesabu mistari, bosi, inahesabu hizo baiti 10, na mstari wa mwisho hauna. Nilieleza mara tatu. Ya tatu nilichora.

Sijui ilikuwa saa ngapi mwenzangu aliponiletea skripti ya mtu aliyekwisha acha kazi. Inatafuta `IMESHINDWA$` kwenye logi za seva za Windows, na kwa miezi imeripoti kwamba hakuna kosa hata moja. Kila mtu aliisifu hiyo seva. Lakini ile alama ya dola hudai neno liguse mwisho wa mstari, na 13 imekaa katikati yao. Nikaandika `grep -E $'IMESHINDWA\r?$'`, yaani 13 iwepo au isiwepo, nikabonyeza.

Skrini ikajaa, ikaendelea kujaa. Nikavua koti nililokuwa nimeshalivaa.