Baiskeli ya kuegemea na ya kawaida: ipi haiumizi?

Anayetafuta raha barabarani aangalie kwanza uzito wa mwili wake unaegemea wapi. Kwenye baiskeli ya kawaida unabebwa na makalio, viganja na miguu. Kwenye ya kuegemea, ile ambayo mtu huwa amejilaza nusu na pedeli ziko mbele yake, mgongo na makalio ndiyo hubeba. Mikono inashika usukani tu. Kwa hiyo mwenye ganzi ya kidole cha pete na cha mwisho, au shingo inayokakamaa, hupata nafuu mapema.

Lakini kabla ya kununua, rekebisha uliyo nayo. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuyumba. Pua ya siti ikitazama juu hubana msamba na kuleta ganzi. Ilaze sawa, au iteremshe nyuzi 1 hadi 3. Ukizidisha unateleza mbele na viganja ndivyo vinavyoumia. Siti pana ya sponji nene inafaa safari fupi. Ukienda mbali sponji hudidimia, mifupa ya makalio inazama, na nyama ya katikati ndiyo inayobanwa.

Ya kuegemea nayo ina maumivu yake. Makalio yakiuma, kiti kimesimama mno: kilaze, uzito uhamie mgongoni. Kikikaribia nyuzi 25 kutoka usawa wa ardhi, shingo itahitaji pa kuegemea. Nyayo kuwaka moto au vidole kufa ganzi hutokana na miguu kukaa juu muda mrefu. Legeza viatu, na ukanyage pedeli karibu zaidi na katikati ya unyayo. Magoti ndiyo ya kuchunga kuliko yote. Kiti kikiwa karibu mno goti huuma mbele, kikiwa mbali huuma nyuma. Tena kwa kuwa mgongo una pa kujikita, mtu hushawishika kusukuma gia nzito mlimani kwa nguvu zote. Weka gia nyepesi, zungusha haraka.

Kwa barabara ya mashimo naipendelea ya kawaida bila kusita. Unanyanyuka juu ya pedeli, magoti na viwiko vinameza mshindo. Aliyejilaza hawezi kunyanyuka, kila shimo linamfikia uti wa mgongo, labda awe na springi au tairi pana zenye upepo kiasi.

Kwenye lami tambarare hadithi inageuka. Mwaka 1933 mwendesha baiskeli Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi kwa kwenda kilomita 45.055 kwa saa moja mjini Paris akiwa amejilaza, na mwaka uliofuata shirikisho la mbio za baiskeli likaipiga marufuku ya kuegemea kwenye mashindano yake.

Ukichagua ya magurudumu matatu, funga miguu kwenye pedeli kwa mikanda au viatu maalumu. Mguu ukichomoka kwenye mwendo, unagusa lami na kuburutwa chini ya fremu.